Aliyemvua baba mdogo kiatu

Fundi viatu alitia mkono ndani ya kiatu, akautoa haraka, akanyonya kidole.

"Mzee wangu, umetembea na hiki kitu tangu wapi?"

Tulikuwa Mwanjelwa, jijini Mbeya, kwenye kibanda kimoja nyuma ya wauza mitumba. Baba mdogo alikuwa ameketi kwenye benchi, mguu mmoja una kiatu, mwingine umebaki na soksi, akisubiri soli iliyoachia ishonwe kabla hatujaenda kutafuta gari la kumrudisha Kiwira. Fundi akachukua koleo, akachomoa msumari wa kisigino uliokuwa umepanda ukatokeza ndani. Halafu akainama kuangalia soksi. Pale kisiginoni ilikuwa imekauka damu na kugandamana na ngozi.

Baba mdogo akacheka. "Mbona mimi sikusikia kitu, mwanangu?"

Tulikuwa tumetoka kliniki ya sukari muda huo huo.

Hilo ndilo lililoning'ang'ania kwa wiki kadhaa. Asubuhi ile alipimwa uzito, akapimwa presha, akatobolewa kidole, akasomewa sukari yake, akaulizwa kama anameza dawa, akaandikiwa kwenye daftari, akapanga foleni dirishani, akapewa vidonge. Kila mtu alifanya kazi yake, tena kwa upole. Na muda wote huo msumari ulikuwa kisiginoni. Mtu wa kwanza kumvua kiatu siku ile alikuwa fundi, na alimvua kwa sababu ya soli.

Foleni

Nina jamaa yangu muuguzi ambaye amehudumu kliniki za sukari katika mikoa miwili ya huku Nyanda za Juu Kusini. Nikampigia simu jioni ile, maneno yote makali nimeshayapanga. Akanisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akauliza swali moja tu.

"Baba angekubali kuvua viatu mbele ya foleni?"

Asingekubali. Namjua.

Akanieleza siku ya kliniki ilivyo. Chumba kimoja, meza mbili, pazia hakuna. Wagonjwa wameamka usiku ili wawahi, wengine hawajala kwa sababu ya kipimo, na kila mmoja anataka kuwahi gari la kurudi. Kina mama wamefunga khanga mpaka chini. Wazee wamevaa soksi zilizotoboka na wanaona aibu. Wakulima wamekuja na gambuti zenye tope la shamba. Ukimwambia mmoja avue, foleni nzima inasimama, na walioko nyuma wanaanza kuguna.

"Halafu aliyefundishwa kuangalia miguu kwenye kituo chetu alihamishwa," akasema. "Akaondoka na ujuzi wake."

Hilo la uhamisho lilinigusa kuliko mengine. Tanzania si nchi iliyokosa watu wa kuifundisha habari ya miguu. Profesa Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam ameandika kuhusu miguu ya wenye kisukari kwa miaka mingi, na dunia inamsikiliza. Katikati ya miaka ya 2000 nchi yetu ilikuwa miongoni mwa chache zilizoanza mpango wa Step by Step, pamoja na India, Nepal, Bangladesh na Sri Lanka. Daktari na muuguzi wa kituo kimoja waliitwa pamoja, wakafundishwa pamoja, wakarudi na vifaa ili wafanye kazi kama jozi. Wazo zuri sana. Lakini jozi ni ya watu wawili, na barua ya uhamisho huja kwa mtu mmoja mmoja.

Kwa hiyo hasira yangu ikakosa pa kukaa. Sikuwa na mtu wa kumlaumu, na jambo lenyewe lilikuwa bado pale pale.

Mguu usiosema

Wenye kisukari mnayajua haya, kwa hiyo nitapita haraka. Sukari ikikaa juu miaka mingi inaharibu mishipa ya fahamu, na miguu huanza: leo inawaka moto, kesho ina ganzi, keshokutwa haina habari. Mishipa ya damu nayo inabana. Kidonda kidogo kikitokea hakiumi, hakipati damu ya kutosha, na wadudu wanafurahi. Takwimu inayotajwa mara nyingi na wataalamu ni kwamba takribani asilimia 85 ya miguu inayokatwa kwa kisukari ilianza na kidonda.

Kwa hiyo kinachokata miguu ni vitu vidogo sana. Msumari. Jiwe ndani ya kiatu. Kandambili iliyokatika kamba. Sugu iliyopasuka (ile ngozi ngumu ya mguuni, si mbunge wetu wa zamani aliyejiita Sugu).

Na huku kwetu tuna ya kwetu pia.

Mwezi wa sita na wa saba, baridi ikishuka Uporoto na Makete mpaka sakitu, ule umande ulioganda, inalala kwenye majani, kila nyumba inaingiza jiko la mkaa ndani. Mzee anasogeza miguu motoni. Mtu mwenye miguu hai anaivuta ikianza kuungua. Mwenye ganzi anaendelea kupiga hadithi, na asubuhi anakuta malengelenge. Wengine wanaweka chupa ya maji ya moto kitandani, matokeo yale yale. Kule Kyela na Usangu mtu anashinda ndani ya maji ya jaruba la mpunga, ngozi ya katikati ya vidole inalainika na kupasuka. Mwenye shamba la viazi milimani yeye anashinda kwenye gambuti, jasho halina pa kutokea.

Halafu kuna panya. Nilidhani ni masimulizi ya vijiweni mpaka nilipokuta kwamba Profesa Abbas na wenzake waliandika mwaka 2005 kuhusu wagonjwa wa kisukari nchini walioumwa na panya miguuni wakiwa wamelala. Tangu utoto tumeambiwa panya anauma huku anapuliza ndiyo maana husikii. Kumbe yupo mtu ambaye panya hana haja hata ya kumpulizia.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kisukari kwa asilimia 9.1 ya watu wazima wa miaka 25 hadi 64. Hiyo ni zaidi ya miaka kumi iliyopita. Hesabu mwenyewe waliomo kwenye Coaster moja ya Tukuyu.

"Ukienda rufaa wanakata"

Sentensi hii nimeisikia Mbalizi, nimeisikia Tukuyu, nimeisikia kwa watu wa Ileje. Inasemwa kwa sauti ya chini, kama onyo la kindugu.

Mwanzoni niliichukulia kama ujinga wa watu wasioelewa hospitali. Sasa siioni hivyo. Sentensi ile ina ushahidi, na ushahidi unajitengeneza wenyewe.

Mtu anapata kidonda. Hakiumi, kwa hiyo hakuna haraka. Kwanza anakiosha kwa maji ya chumvi. Halafu jirani anamletea kapsuli za rangi mbili, zinafunguliwa na unga wake unanyunyizwa juu mpaka kidonda kinafanya ukoko. Kwa macho kinaonekana kimekauka. Chini ya ukoko usaha unatafuta njia. Wiki zinapita. Anapelekwa zahanati, anasafishwa, anafungwa, anaambiwa arudi, na harudi kwa sababu ni msimu wa kupanda. Harufu inapoanza, wengine wanasema amekanyaga kitu alichotegewa, anapelekwa kwa mganga. Kidole kikishakuwa cheusi ndipo ukoo unachanga nauli ya Mbeya, au ya hospitali ya Ikonda.

Daktari wa upasuaji anakutana na mguu siku hiyo. Hakuwepo siku ya msumari. Anachoweza kufanya ni kuokoa mtu, na kumwokoa mtu ni kukata. Mgonjwa anarudi kijijini bila mguu, au harudi. Na yule jirani mwenye kapsuli anasema: si niliwaambia?

Kwa hiyo wa pili anachelewa zaidi kuliko wa kwanza.

Nimelifikiria hili sana, na sioni linavyoweza kuvunjwa kwa mabango. Watu hawadanganywi na bango wakati wamemwona jirani. Wanahitaji kumwona mtu aliyekwenda na kidonda akarudi na mguu wake, akipita barabarani, akienda klabuni kunywa ulanzi kama wengine. Watu hao wapo. Lakini mguu uliopona haujitangazi, unaingia kwenye kiatu na kuendelea na safari. Ule uliokatwa unaonekana kila siku sokoni.

Na kukatwa si mwisho wa gharama. Mguu wa bandia unapimwa, unatengenezwa, unarekebishwa; chuo kinachofundisha mafundi wake kipo hospitali ya KCMC, Moshi. Bima ya afya ya jamii, CHF iliyoboreshwa, ile iliyokuwa ya shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, ilisaidia wengi kumwona daktari. Nauli ya kwenda kumwona ni juu yako. Na huko nje ya nchi ambako huduma ni nzuri kuliko zetu, tafiti zinaonyesha nusu au zaidi ya waliokatwa mguu juu ya kifundo hawamalizi miaka 5 wakiwa hai. Nilipolisoma hilo nilifunga kompyuta nikaenda kutembea.

Ambacho tayari tunakijua

Kilichonigeuza ni kitu kilichokuwa mbele ya macho muda wote.

Mikoa hii ndiyo iliyoumizwa na Ukimwi kuliko mingine. Utafiti wa 2016 na 2017 uliikuta Njombe na Iringa zikiwa juu ya asilimia 11, Mbeya juu ya 9, wakati taifa lilikuwa karibu 5. Na kwa sababu tuliumizwa, tulijifunza. Tangu dawa za ARV zilipoanza kutolewa nchini mwaka 2004, vituo vya huku vimejifunza kumfuata mtu. Ukikosa tarehe yako ya CTC, yaani kliniki ya wenye virusi vya Ukimwi, jina lako linaingia kwenye orodha ya watoro. Simu inapigwa. Usipopokea, mhudumu anakuja nyumbani, hana sare, anajifanya amepita kusalimia. Wapo watu wanaojua nyumba yako, jina la mkeo, na siku uliyolewa ukasahau dozi.

Mgonjwa wa sukari akikosa kliniki, anakosa. Mwezi mwingine atakuja, au hatakuja, na hakuna orodha itakayompigia simu.

Najua pingamizi, nimejipinga nalo mwenyewe. CTC ilijengwa kwa fedha za nje. Mwanzoni mwa 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, tuliona jinsi watu waliokuwa wakibisha hodi walivyoambiwa wakae nyumbani. Huwezi kujenga huduma ya miguu juu ya fedha inayozimwa kwa saini moja. Ni kweli. Lakini kumfuata mtu si fedha peke yake, ni mazoea. Mazoea hayo tunayo, wanayo watu walio hai, wenye simu, wanaoishi Igawilo na Makambako na Ilula.

Na kuna mzee mwingine wa kutufundisha: ukoma. Paul Brand, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Vellore, India, ndiye aliyeonyesha kwamba vidole vya wenye ukoma haviliwi na ugonjwa. Vinaisha kwa majeraha yasiyosikika. Miaka ya 1960 alihamia Carville, Marekani, na somo hilo likahamia kwenye miguu ya wenye kisukari: punguza uzito juu ya kidonda, chunguza kila siku, vaa kiatu kinachofaa. Wauguzi wetu wa zamani waliohudumu kwenye ukoma walikuwa wanajua mguu usiosikia kabla kisukari hakijafika vijijini. (Kuloweka tu ndiko tusikochukua kutoka kwao. Mguu wa kisukari haulowekwi.)

Yaani ujuzi haukukosekana. Uko kwenye jengo la pili, na kati ya majengo hakuna njia.

Sukari ina kliniki. Kidonda kina chumba cha kufungia vidonda. Kukata kuna chumba cha upasuaji. Mguu wenyewe, ukiwa bado mzima, hauna mwenyewe.

Vidole sita

Jamaa yangu muuguzi ndiye aliyenionyesha kipimo kisicho na kifaa. Kile chenye kifaa ni uzi wa nailoni unaopinda ukifikia uzito wa gramu 10, ukipotea umepotea. Hiki kingine kilitoka hospitali ya Ipswich, Uingereza, na kilitangazwa mwaka 2011. Mgonjwa anafumba macho. Unamgusa kwa ncha ya kidole chako, taratibu, bila kukandamiza wala kugonga, sekunde moja au mbili: kidole gumba cha mguu, cha katikati na cha mwisho, kulia na kushoto. Akisikia anasema. Akikosa viwili au zaidi kati ya sita, mguu wake umepoteza ulinzi.

Nilimfanyia baba mdogo sebuleni. Alisikia kimoja.

"Kipi?" aliniuliza alipofumbua macho, na nilipomwambia hakuamini, akadai nimedanganya, akaniamuru nirudie. Tulirudia. Hapo ndipo alipoacha kucheka kuhusu ule msumari.

Miongozo ya kimataifa inasema mtu ambaye mguu wake unasikia na una damu ya kutosha aangaliwe mara moja kwa mwaka. Aliyepoteza hisia tu, mara moja au mbili kwa mwaka. Aliyewahi kupata kidonda au kukatwa, kila mwezi hadi miezi mitatu. Maana yake si lazima muuguzi avue viatu vya foleni nzima kila kliniki. Awavue wote mara moja, awaandike daftarini, na baada ya hapo ajue ni yupi wa kumvua leo. Nilipomwambia hivi jamaa yangu, alikaa kimya kidogo, akasema, "Hilo linawezekana. Nipe pazia tu."

Nyumbani nako kuna mtihani wake. Ushauri unaotolewa kila mahali ni kwamba asiyeweza kuona nyayo zake aangaliwe na mtu wa nyumbani. Baba mdogo ana kitambi na macho yamefifia, kuinua mguu mpaka auone hawezi. Mkewe alishatangulia. Anaishi na mwanawe, na mwanawe anashinda barabarani na bodaboda. Anayebaki nyumbani ni mkwe. Wanyakyusa mnaosoma hapa mmeshaelewa. Kuna mwiko kati ya mkwe na baba mkwe; vijana wengi siku hizi wameuacha, na kanisa limeulainisha, lakini kwa mzee wa umri ule, mke wa mwanawe kumshika mguu na kuugeuza ni jambo lisilosemeka. Mkwe mwenyewe aliniambia, akiwa amesimama mlangoni bila kuingia, "Kaka, mimi nitamchemshia hata maji usiku wa manane. Hilo usiniambie."

Kwa hiyo kazi amepewa mjukuu, wa darasa la tatu. Babu na mjukuu ni watani, hakuna mwiko hapo. Kila jioni anakagua nyayo na katikati ya vidole, anatia mkono ndani ya viatu, anatoa taarifa kwa sauti kubwa na kumdai babu mia mbili. Babu anasema ni wizi. Analipa.

Kile kisigino kilifungwa, kikachomewa sindano ya pepopunda, kikapona kwa taabu kidogo. Ana viatu vipya, vya mtumba lakini vipana. Ndani ya nyumba bado anatembea peku, na kwa hilo nimeshindwa naye.

Namba ya simu

Nilipoenda kumsalimia mara ya mwisho nilipita kwa mama mmoja ambaye ni mhudumu wa afya wa jamii pale kijijini. Kwa miaka mingi amefuatilia watoro wa CTC, na anaheshimika kwa sababu hajawahi kutoboa siri ya mtu. Nikamwonyesha kile kipimo cha vidole sita. Alikishika mara moja, akanifanyia mimi, akamfanyia binti yake.

"Kuangalia nitaangalia," akasema. "Wazee wenye sukari hapa nawajua wote. Lakini nikimkuta na kidonda Ijumaa jioni, nampeleka kwa nani?"

Nikaanza kutaja: zahanati, halafu hospitali ya Makandana pale Tukuyu, halafu rufaa Mbeya.

"Hapo umetaja wapi. Mimi nimeuliza kwa nani. Wa CTC nina namba ya dada mmoja pale kituoni, nikipiga anapokea hata usiku, anajua nikisema jina. Wa mguu nimpigie nani?"

Nikampa namba ya jamaa yangu muuguzi, baada ya kumwomba ruhusa. Alikubali papo hapo. Aliongeza tu kwamba niwaeleze waitumie mapema, maana anasubiri barua ya uhamisho.